Spartacus hakufa msalabani

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: eti Spartacus, mtumwa aliyeongoza uasi dhidi ya Roma, alikamatwa akasulubiwa, baada ya wenzake kusimama mmoja mmoja wakisema, "Mimi ndiye Spartacus." Kisa kitamu, ila kimetoka kwenye filamu ya Marekani ya mwaka 1960.

Plutarch na Appian, waandishi wa kale ambao maandishi yao yanapatikana bure mtandaoni, wanasema aliuawa vitani, mwaka 71 KK. Kwa Plutarch, alimuua farasi wake kabla ya pambano: akishinda atapata farasi wengi, akishindwa hatamhitaji hata mmoja. Appian anasema alichomwa mkuki pajani, akaendelea kupigana akiwa amepiga goti, na maiti yake haikupatikana.

Mkanganyiko unaeleweka. Mateka 6,000 walisulubiwa kweli kando ya barabara ya Capua hadi Roma; ni rahisi kumhesabu kiongozi humo. Wengine huongeza kwamba aliteka Roma akafuta utumwa. Hiyo ni hadithi ya "ingekuwaje". Utumwa uliendelea karne nyingi. Ukiletewa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.