Je, wajua kwa nini padri huosha watu miguu Alhamisi Kuu?

Jioni ya Alhamisi Kuu, siku tatu kabla ya Pasaka, kengele za Minara Miwili, kanisa kuu la Wakatoliki hapa Mji Mkongwe, hupigwa wakati wa wimbo wa Utukufu, kisha hunyamaza hadi mkesha wa Pasaka. Baada ya mahubiri padri huinama akaosha watu miguu. Jirani Mwislamu akisimuliwa, la kwanza kumjia ni udhu. Lakini kwenye udhu mtu hujitawadha mwenyewe apate tohara ya kusimama mbele ya Mola wake. Hapa mtu anaoshwa na mwenziwe, na tohara siyo inayotafutwa. Kinachotazamwa ni nani ameinama.

Habari yenyewe imo katika Injili ya Yohana, sura ya 13. Usiku wa kuamkia kusulubiwa kwake, Yesu aliondoka chakulani, akaweka kando vazi lake, akajifunga kitambaa kiunoni, akatia maji chomboni na kuwaosha wanafunzi wake. Zama zile watu walitembea na ndara kwenye vumbi, na kumwosha mgeni miguu ilikuwa kazi ya mtumwa. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, Abigaili anapotaka kujishusha hadi chini kabisa mbele ya wajumbe wa Daudi, anasema yuko tayari kuwa mjakazi wa kuwaosha miguu watumishi wa bwana wake. Luka naye anaeleza kuwa usiku ule ule wa karamu wanafunzi walibishana nani kati yao ni mkubwa. Petro alikataa kuoshwa, kwa haya zaidi kuliko ukaidi. Yuda hakukataa. Alikuwa amekwisha kuazimia kumsaliti bwana wake, na Yesu alilijua hilo, hata hivyo Injili haisemi kwamba alirukwa. Mtu anayeuliza upendo wa Kikristo una tofauti gani na wema wa kawaida wa jirani kwa jirani, jibu lake liko kwenye mguu wa Yuda.

Kwa Wakatoliki tendo hili liliingizwa ndani ya Misa ya jioni na Papa Pius wa 12 mwaka 1955. Si lazima, parokia huweza kuliacha. Watu 12 ni desturi tu, kanuni haitaji idadi. Hadi Januari 2016 kanuni ilisema wanaume, ndipo Papa Fransisko akaibadili ili wachaguliwe watu wa kila namna: wanawake, vijana, wazee, wagonjwa. Mwenyewe alikwisha kutangulia mwaka 2013, alipoosha vijana 12 katika gereza la watoto mjini Roma, na mmoja wao alikuwa msichana Mwislamu.

Utaratibu ni mwepesi. Padri huvua kasula, vazi lake la juu la Misa, hujifunga taulo, hupita kwa kila mmoja. Mtumikiaji mmoja hushika birika, wa pili beseni, wa tatu taulo. Maji yawe vuguvugu. Nusu lita kwa mguu mmoja inatosha, basi kwa watu 12, kila mmoja akioshwa mguu mmoja, weka lita sita na akiba kidogo. Taulo ziwe 12, kwa sababu moja tu ikitumika kwa wote, ikifika kwa mtu wa tatu huwa imeloa na haifuti tena. Chini ya viti patandikwe mkeka au zulia, maana sakafu ya marumaru ikimwagikiwa maji ni hatari kwa mzee. Wateule waambiwe mapema waje na makubadhi au kandambili. Mtu akija na viatu vya kamba na soksi, kanisa zima linamsubiri afungue, naye anaona aibu bure.

Kasoro kubwa haimo kwenye maji, imo kwenye orodha ya majina. Kamati ikiachiwa, itaweka mwenyekiti, mhazini, mfadhili wa paa na mkewe. Wote wamekuja na miguu waliyoisugua nyumbani ikang'aa! Tendo la kujishusha linageuka kuwa la kutunuku heshima. Afadhali aitwe mchukuzi wa bandarini, mama anayeuza mihogo, kijana aliyetoka gerezani.

Kwa Unguja jambo hili lina uzito wake. Kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini limejengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na altare yake inatajwa kuwa imesimama pale palipokuwa mti wa kuwachapia. Kuigiza kazi ya mtumwa mahali kama hapo si mchezo. Frank Weston, aliyekuwa askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi 1924, alilielewa vizuri. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Zanzibar huko bara. Mwaka 1923, mbele ya umati mjini London, aliwaambia Waanglikana waliopenda ibada za fahari kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu altareni iwapo hawamhurumii Yesu aliye katika vibanda vya maskini. Watoke wakamtafute, kisha wajifunge taulo lake wawaoshe miguu.

Watu wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo wanaozuru wazee huweza kulichukua neno hilo kama lilivyo. Mzee anayeishi peke yake mara nyingi hawezi tena kuifikia miguu yake, na kama ana kisukari huenda hahisi kidonda. Aulizwe kwanza. Anayemwosha awe wa jinsia yake, na mlango urudishwe. Maji yapimwe kwa kiwiko, kwa kuwa mzee mwenye ganzi hawezi kusema yamemuunguza. Miguu ioshwe kwa sabuni ya kawaida, isilowekwe, maana ngozi iliyolowa huchanika upesi. Ikaushwe hasa katikati ya vidole; hapo mafuta hayapakwi, unyevu huleta fangasi. Mafuta ni ya kisigino na juu ya mguu. Kucha zikatwe moja kwa moja bila kuchonga pembe. Nyayo zitazamwe kwenye mwanga, na jeraha lolote, hata dogo lisilouma, lipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi.

Wengi hukataa mara ya kwanza, kama Petro. Basi zichotwe ndoo mbili za maji, vyombo vya jana vioshwe, uani pafagiliwe. Habari ya miguu iulizwe tena wiki ijayo.