Mwanafunzi wa masafa akinyamaza, mpigie wewe

Nafundisha kwa njia ya masafa hapa Mtwara, yaani wanafunzi husoma wakiwa makwao na kuja kituoni mara mojamoja. Wanafunzi wangu wengi wako Masasi, Newala na Tandahimba, wachache upande wa Lindi mpaka Kilwa. Walimu wapya wakija kituoni huuliza habari za moduli, mazoezi na usajili wa mtihani. Unasihi, yaani kumsikiliza mwanafunzi na kumshauri, huulizwa mwisho, watu wakiwa wameshashika mikoba, kana kwamba ni hisani ya mwenye muda. Kwangu ni nusu ya kazi, na sehemu yake kubwa ni kumtafuta mtu ambaye hajakutafuta.

Darasani mwanafunzi akilemewa utajua tu: kainamisha kichwa, vipindi anatoroka. Wa masafa haagi. Zoezi la kwanza linafika kwa wakati, la pili linachelewa, la tatu halionekani, kwenye kundi la WhatsApp anasoma bila kujibu, kisha kimya. Wanaopiga simu kuomba msaada mara nyingi ni wale ambao wangevuka hata bila mimi. Aliyekwama anaona haya, na kila wiki inayopita haya inazidi. Kwa hiyo zoezi la pili likichelewa tu, napiga. Sianzi na zoezi. Naanza na hali ya nyumbani, na kama aliye upande wa pili ni mkubwa kwangu, shikamoo kwanza. Cheo cha ualimu hakifuti umri.

Michael Moore wa Marekani, mtaalamu wa elimu ya masafa, alishaeleza kwamba umbali unaosumbua katika elimu hii ni ule wa kutoelewana kati ya mwalimu na mwanafunzi, na hupungua mazungumzo yakiongezeka. Mtaalamu mwenzake, Börje Holmberg wa Sweden, alisisitiza kwamba hata maandishi yanayomfikia mwanafunzi yawe kama maongezi, asikike mtu ndani yake. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa 1969, kwa miaka mingi kiliwapa wanafunzi wake wapya mwalimu aliyekuwa pia mnasihi wao, mtu yuleyule. Sisi huku tumefika hapohapo kwa sababu ya uchache wetu.

Maongezi ya Holmberg hutokea zaidi pembeni mwa karatasi kuliko kwenye simu. Mama mmoja wa Tandahimba aliniletea zoezi la Jiografia kuhusu mmomonyoko wa udongo. Alama zilikuwa chini kweli, na kalamu nyekundu ingetosha kuandika "Rudia". Nilimwandikia: "Mama, mfano wa korongo la nyuma ya shule ni mzuri, hilo umeliona kwa macho yako. Swali limetaka sababu, wewe umeeleza madhara. Aya ya tatu peke yake iandike upya, nitumie picha yake." Picha ikaja kesho yake. Mtu mzima aliyeacha shule akiwa binti ukimwambia arudie yote, anasikia ile sauti ya zamani iliyomwambia hana akili.

Halafu kuna korosho. Mtihani wa maarifa, yaani QT, unaomfungulia asiyepitia sekondari njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, na huo wa kidato cha nne wenyewe huangukia Novemba, msimu umepamba moto, watu wanaokota na minada inaendelea. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea ni mwanzoni mwa mwaka, wakati mvua ziko shambani na hela ya korosho kwa wengi imeshakwisha. Kuanzia Mei wanahangaika na salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Ratiba ya kituo haijui hayo yote, ila mnasihi lazima ayajue. Nakaa na mwanafunzi tunapanga kwa kalenda ya shamba lake: ada itengwe mnada wa kwanza ukilipa, mada nzito za Hisabati zisivuke Agosti, Oktoba abaki na marudio mepesi. Vitabu vya unasihi vitaliita hili jambo la utawala. Mimi nimeona likizuia watu wengi kuacha kuliko hotuba yoyote ya kutia moyo.

Simu nayo ina adabu zake. Wanafunzi wengi wa kike wamejisajili kwa namba ya mume au ya kaka. Ujumbe wa "Mambo, upo?" kutoka kwa mwalimu wa kiume saa tatu usiku unatosha kumaliza masomo ya mtu. Siku ya usajili nauliza: namba hii ni ya nani, nipige saa ngapi, ujumbe nani mwingine anausoma? Mume akipokea, najitambulisha kwa kirefu na kutaja zoezi lenyewe. Wengine wameishia kunikumbusha wao tarehe za mazoezi! Namba hizo ziandikwe pia kwenye daftari. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja na mvua zilizokata barabara ya kwenda Dar es Salaam, na siku chache baadaye intaneti ikasumbua nchi nzima baada ya nyaya za baharini kukatika. Aliyetegemea kundi la WhatsApp peke yake alipoteana na watu wake.

Tangu serikali iliporuhusu, Novemba 2021, wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito kurudi shuleni, baadhi yao wamechagua kuja kwetu. Wasidaiwe simulizi. Swali langu huwa moja: ukija kituoni, mtoto anabaki na nani? Jibu lake ndilo linaloamua kama atakuja Jumamosi au nimtumie kazi.

Kuna mambo hayaishii kwangu. Kabla mtu hajaanza kunieleza la nyumbani, namwambia kwamba siri yake naitunza, isipokuwa kama kuna mtu anayeumizwa. Kipigo, kubakwa, mtoto aliye hatarini: hayo yanakwenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo. Nampeleka mwenyewe au namuunganisha kwa simu, maana ukimwambia tu "nenda ustawi", wengi hawaendi. Nikishafanya hivyo narudi kwenye ualimu, na zoezi lake nalisahihisha kwa kipimo kilekile cha wenzake.