Moto wa Batmobile hausukumi gari

Tangu enzi za filamu ya mwaka 1989 ya Batman, yule shujaa wa kubuni mwenye vazi la popo, watu wengi wameamini kwamba gari lake, Batmobile, lilikuwa na injini ya ndege. Ushahidi wao ni ule mwali wa moto unaofyatuka nyuma. Mwali ni wa kweli. Kazi yake ndiyo inayoeleweka vibaya.

Lile la 1989 lilijengwa juu ya fremu ya Chevrolet Impala na kuendeshwa na injini ya kawaida ya petroli, V8, yaani yenye silinda nane. Tumbler, Batmobile lile jeusi lenye umbo la kifaru cha vita lililoonekana katika filamu ya Batman Begins ya mwaka 2005, nalo lilitumia V8 ya Chevrolet ya lita 5.7. Lina uzito wa zaidi ya tani mbili, na bado lilikimbizwa kwelikweli kwenye barabara za Chicago. Moto wake ulitoka kwenye mitungi ya gesi ya propeni iliyofungwa ndani: gesi inaachiliwa, inawashwa, inawaka nje ya bomba. Haisukumi chochote. Kwa kweli, mitungi hiyo iliongeza uzito tu.

Wapo pia wanaodai Tumbler lilichorwa kwa kompyuta. Hapana, yalijengwa magari kadhaa ya kuendeshwa, ingawa sehemu ya mbio za juu ya mapaa ilipigwa picha kwa modeli ndogo ya umeme, na mwigizaji aliyeonekana ndani alikuwa ameketi studio. Mimi naona ufundi huo unasisimua kuliko injini yoyote ya ndege.