Murano na Burano siku ya Jumapili, na meli haitakusubiri

Kazi yangu ni kuwapangia matembezi abiria wa meli za kitalii, na kila msimu naulizwa: meli ikitia nanga Venice Jumapili, visiwa vya mafundi, Murano ya kioo na Burano ya lesi, vitakuwa wazi? Maduka yatakuwa wazi. Mafundi ndio wengi wao watakuwa nyumbani.

Kabla ya hayo, uliza gati lenyewe liko wapi. Tangu Agosti 2021 meli kubwa zimepigwa marufuku kupita mbele ya San Marco, uwanja mkuu wa mji, kwa hiyo ratiba ikisema "Venice" huenda ukateremkia Marghera, bandari ya jirani, au mbali zaidi: Chioggia, Trieste au hata Ravenna. Ukiwa Marghera, siku ni yako. Ukiwa Ravenna, basi peke yake litakula zaidi ya saa mbili kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Hapo achana na visiwa, ukatazame mozaiki za Ravenna, zile picha za vipande vidogo vidogo, kwa raha zako.

Visiwani unafika kwa vaporetto, basi la majini. Laini namba 12 hutoka Fondamente Nove, kituo cha boti kaskazini mwa Venice, hugusa Murano baada ya dakika kama kumi, na Burano baada ya kama arobaini na tano. Chukua tiketi ya siku nzima. Ile ya dakika 75 haimfai mtu wa kushuka na kupanda. Wengi huanza Murano kwa kuwa iko karibu. Mimi nawapeleka wageni wangu Burano moja kwa moja asubuhi, kwa sababu alasiri foleni ya kurudi ni balaa, na boti ikijaa unaachwa gatini.

Burano ni kisiwa cha lesi na nyumba za rangi. Chuo cha lesi kilifunguliwa 1872 ili ufundi usipotee, kikafungwa 1970, na jengo lake sasa ni Museo del Merletto, makumbusho ya lesi. Makumbusho hayo hufungwa Jumatatu, kwa hiyo Jumapili una bahati. Lesi ya pale ni sindano na uzi, basi. Mchoro wa karatasi hushikizwa juu ya kitambaa, mistari yake ikafuatwa kwa uzi, kisha nafasi zikajazwa vitanzi vidogo vidogo, kimoja juu ya kingine. Mwisho nyuzi za kushikizia hukatwa na lesi ikabanduka. Zamani kila mwanamke alikuwa na mshono wake, kazi moja ikapita mikononi mwa wengi. Kwa hiyo kitambaa cha meza cha euro ishirini ni cha mashine, hata muuzaji aape vipi. Aliyewahi kudarizi kofia kwa mkono hahitaji kuelezwa.

Murano ndiko watu wanakodanganyika zaidi. Mwaka 1291 Jamhuri ya Venice iliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe huko, mji usije ukateketea. Tanuri halizimwi Jumapili, ila fundi mkuu na wasaidizi wake hupumzika. Unachoonyeshwa ni onyesho la watalii: fundi anachota tone la kioo jekundu kwa moto, analivuta kwa koleo, shingo, miguu, mkia, na kabla hujatoa simu mfukoni farasi wa kioo amesimama. Linapendeza, sikatai. Lakini chombo cha maana hutaka timu nzima, hurudishwa motoni mara kwa mara, kisha hupoozwa taratibu katika joko lake, la sivyo kinapasuka. Na ukipewa boti ya bure kwenda "kiwandani", jua nauli utailipia dukani.

Badala yake ingia Museo del Vetro, makumbusho ya kioo, hasa upande wa shanga. Shanga za Venice zilifika kwetu: karne ya 19 misafara ya Zanzibar na Bagamoyo ilizibeba hadi bara kama fedha ya njiani. Ukitaka kununua, tafuta nembo ya Vetro Artistico Murano, ya kuthibitisha kioo kimetengenezwa Murano, iliyoanzishwa na mkoa wa Veneto mwaka 1994. Wapo mafundi waaminifu wasioitumia, ila mgeni wa saa mbili hana njia nyepesi zaidi ya kujikinga. Kanisa la Santi Maria e Donato, lenye sakafu ya mozaiki ya karne ya 12, liache hadi mchana. Asubuhi kuna misa.

Kisiwa cha Torcello kiko dakika chache tu kutoka Burano, na kanisa lake lilianzishwa mwaka 639. Nalipenda kuliko yote niliyoyataja. Hata hivyo, kama muda wako nchi kavu haufiki saa saba, liruke.