Je, wajua? Mchaichai wa Visiwani haupandwi kwa mbegu

Ukipita mashamba ya Unguja na Pemba, nyumba nyingi utazikuta na kichaka cha mchaichai uani, hasa pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Muulize mwenye nyumba ameupata wapi: kapewa na jirani, au kaung'oa kwao alipoolewa. Hakuna atakayekwambia kanunua mbegu.

Mchaichai ni nyasi, ukoo mmoja na muwa na mpunga. Ila huu wa majumbani hutoa maua kwa nadra sana, na kwa mbegu hautegemeki. Unagawa kichaka, unachukua shina lenye mizizi, unapunguza majani, unafukia wakati wa masika. Basi kichaka chako na cha aliyekupa ni mmea ule ule, uliogawanywa tu.

Asili yake ni Asia, upande wa kusini na kusini-mashariki. Kwa tabia yake hiyo, haukuweza kufika kwetu ndani ya gunia la nafaka. Ilibidi mtu avuke nao bahari ukiwa mbichi, anaunyunyizia maji. Wenzake wa birikani nao ni wageni: karafuu za visiwa vya Maluku, Indonesia, zilizoenea hapa karne ya 19 enzi za Sayyid Said, mdalasini wa Sri Lanka, iliki ya India ya kusini. Hata majani ya chai hayalimwi Visiwani, tunaletewa kutoka bara. Lakini kikombe cha mchaichai mtupu mtu wa shamba anaweza kukitoa chote uani kwake, ukiacha sukari.

Na mbona unanukia limau? Ni sitrali, kiini kilichomo pia kwenye ganda la limau. Cha ajabu, mafuta ya limau yana sitrali kidogo tu, ilhali ya mchaichai zaidi ya nusu ni hiyo. Mwanafunzi kamshinda mwalimu.

Mafuta hayo yamefungiwa ndani ya jani, ndiyo maana watu hulipiga fundo au hulipondaponda kabla ya kulitia birikani. (Angalia vidole, kingo zake zinakata.) Tena hupaa haraka na mvuke. Wanaouchemsha nusu saa bila kifuniko wananukiza jiko, si chai. Maji yakishachemka, tia majani, funika, epua baada ya dakika chache.