Je, wajua kwa nini seva huchomwa bambo?

Msimu wa korosho ukishafunguliwa, ukiingia ghalani Mtwara, Masasi au Nachingwea hukosi kumkuta mtu mwenye kichuma kirefu, kimechongoka mbele na kina mfereji katikati. Hilo ndilo bambo. Gunia limeshonwa vizuri, limeandikwa chama cha msingi na daraja, lakini yeye maandishi hayo hana habari nayo. Anachoma, anatoa korosho chache. Zitapasuliwa, zilizooza na zilizosinyaa zitahesabiwa, unyevu utapimwa, mpaka ipatikane ile namba inayopandisha au kushusha bei: ratili ngapi za kiini zitatoka katika kilo 80 za korosho ghafi.

Korosho sawa, hukua shambani na mvua huzipiga. Lakini kompyuta, ambayo mtu ameiandikia kila kitu kikae vipi, inachomwa bambo kwa nini?

Tuianze seva yenyewe. Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta na simu nyingine kupitia mtandao. Seva ya kwenye wingu, yaani ya kukodi na kuitumia kwa intaneti, si mashine kamili. Ni sehemu ya kompyuta kubwa iliyogawanywa kwa programu, kila mpangaji akijiona ana mashine yake peke yake. Amazon ilianza kuzikodisha mwaka 2006. Kijana aliyekaa Shangani, Mtwara, akitengeneza mfumo wa kuwatumia wakulima ujumbe wa malipo, seva yake inaweza kuwa Cape Town, ambako Amazon ilifungua vituo vyake mwaka 2020. Haioni wala haigusi. Anachokifanya ni kuandika faili la maelekezo (weka programu hii, washa huduma ile, funga mlango huu), kisha programu kama Ansible huyatekeleza kwenye seva moja au hamsini.

Siku hiyo seva na faili husema kitu kimoja. Baadaye huanza kuachana. Fundi anaamshwa usiku wa manane, anaingia, anabadilisha mstari mmoja ili mambo yaende, asubuhi amesahau. Sasisho linajiweka lenyewe. Diski inajaa taratibu. Au katika seva nyingi, moja inarukwa. Hilo la kurukwa ndilo lililoimaliza Knight Capital, kampuni ya hisa ya Marekani. Tarehe 1 Agosti 2012 ilikuwa na seva nane za kupitishia oda za kununua na kuuza hisa. Saba zilikuwa na programu mpya, ya nane ilibaki na ya zamani. Soko lilipofunguliwa, ile moja ikaanza kumwaga oda ovyo, na kwa dakika kama 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Na seva zote nane zilikuwa zimewaka! Ndiyo maana mtu akiniambia “seva ipo hewani”, bado najiona sijaambiwa kitu.

Bambo la seva ni programu ndogo ya maswali. Mojawapo ni Serverspec, iliyotolewa na Mjapani Gosuke Miyashita mwaka 2013. Huingia kwenye seva kwa njia ileile anayoingilia fundi, huuliza, hulinganisha jibu na lililotarajiwa, hutoka bila kubadilisha kitu. Huduma ya wavuti inafanya kazi? Imewekwa ijiwashe yenyewe seva ikizimwa na kuwashwa? Haya ni maswali mawili, na wengi huuliza la kwanza tu. Jenereta inayonguruma sasa hivi si lazima iwe ile itakayojiwasha umeme ukikatika saa nane usiku.

Swali ninalolipenda mimi ni la saa. Seva nyingi huja zikiwa na saa ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Tuseme mnada umepangwa kufungwa saa nne asubuhi, na programu inasoma tu saa ya mashine. Itaendelea kupokea bei hadi saa saba mchana, bila taa nyekundu yoyote kuwaka, maana kwa hesabu yake haijakosea. Swali la mstari mmoja lingelikamata hilo kabla mnunuzi wa kwanza hajaingia.

Kuna kuuliza kwa ndani na kuuliza kwa nje. Ndani, seva itakujibu kwamba poti 443, yaani mlango wa mtandao wa tovuti salama, iko wazi. Lakini wingu lina geti lake mbele ya seva, na geti likiwa limefungwa hakuna anayefika: ghala limejaa, mlinzi kaondoka na funguo. Kinyume chake ni kibaya zaidi, poti ya hifadhidata kuachwa wazi kwa dunia nzima. Kwa hiyo maswali mengine hupelekwa kwa mwenye wingu, mengine hupigwa kutoka mbali kabisa, kama mteja.

Mtu atasema Ansible yenyewe hutoa taarifa kwamba imemaliza salama. Hutoa, ndiyo. Ila aliyejaza gunia hapewi bambo alipime mwenyewe. Kama faili la maelekezo limekosewa, litatekelezwa kwa uaminifu pamoja na kosa lake.

Na bambo nalo hujua pale lilipochoma tu. Maswali arobaini yakijibiwa sawa, la arobaini na moja ambalo hukuliandika halijulikani lilivyo. Mafundi wengi huliandika baada ya kuumizwa nalo.

Jibu likija baya, mkono huwasha kuingia na kurekebisha pale pale. Hapo unazaa tofauti nyingine isiyoandikwa popote. Wazoefu husahihisha faili, huwasha seva mpya kutoka humo, huiuliza maswali yote, ikijibu sawa huielekezea wateja na ile ya zamani huifuta. Korosho zenye unyevu utazianika tena, ni jasho la mtu. Seva hulipiwa kwa muda iliotumika. Ikifutwa, bili yake husimama.