Tendaguru si Mwanzo wa Dunia
Kwa miaka mingi imezoeleka hapa Lindi kudhani kwamba Tendaguru, kwa kuwa palifukuliwa mifupa ya dinosaria, ndipo penye miamba ya mwanzo wa dunia. Miamba hiyo ina takriban miaka milioni 150 tu, ilhali dunia ina zaidi ya bilioni 4.5. Ushahidi wa kale zaidi wa miamba ya dunia yenyewe umo katika chembe za zirikoni, madini magumu mno, za Jack Hills, Australia: baadhi yake, zilizopimwa kwa kubadilika kwa metali ya urani kuwa metali ya risasi, zina miaka bilioni 4.4 hivi, na oksijeni iliyomo katika chembe nyingine zilizoundwa baadaye inaashiria miamba iliyokwisha kuguswa na maji. Gamba gumu la dunia, basi, lilikuwapo mapema mno. Lini mabamba yake, yaani vipande vikubwa vya gamba hilo, yalianza kusogea, wanajiolojia wangali wakibishana, na kwa haki.